Kiti Chako Chini ya Ubao wa Gakuba

Papa mpendwa,

Kesho wazee wa mchumba wangu wanakuja kuniomba. Baba mdogo Damas ameazima viti vya kanisa na sasa anavihesabu kwa sauti uani, anakosea, anaanza upya. Shangazi Vumilia amelala chumbani kwako tangu jana alipovuka mpaka kutoka Goma, na anakoroma mchana huu kama wewe, kwa mapumziko marefu yanayomfanya mtu asimame mlangoni kusikiliza kama ataendelea. Mimi nimejificha jikoni nyuma ya masufuria ya kukodi. Nakuandikia habari ya maziwa, kwa sababu nikimsimulia mtu mwingine ataelewa nusu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyozoea. Kinyarwanda cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kusali na cha wageni wa heshima. Kiswahili kilikuwa cha kucheka na kugombezana, na juu ya hapo ukawa unakifundisha shuleni, ukarudi jioni ukinisahihisha hata nilipokuwa nalia.

Unakumbuka Jumapili zetu. Misa ikiisha tulikuwa hatuendi moja kwa moja nyumbani Nengo. Tulishika barabara inayoteremka kuelekea bariyeri ndogo ya mpakani, tukapita wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na pikipiki zilizotukata mbele, mpaka duka la maziwa la Mzee Gakuba. Alikuwa na koti jeupe kama la daktari. "Mwalimu, kama kawaida?" Nawe ulijibu, "Kikubwa changu, na kidogo cha mheshimiwa." Nilipoanza kuitwa mheshimiwa miguu yangu haikufika sakafuni. Nilipomaliza chuo kikuu nilikuwa bado naagiziwa kidogo. Sikukuambia kamwe kwamba ningeweza kumaliza kikubwa na kuongeza.

Ulikuwa na masharti yako. Maziwa hayanywewi mtu amesimama. Maziwa hayanywewi katikati ya ugomvi. "Ukitaka kugombana," ulisema, "weka kikombe chini kwanza." Niliweka kikombe chini mara nyingi sana mbele yako, Papa, na ulisubiri kila mara nimalize kusema ndipo ukisukume tena kwangu kwa kidole kimoja.

Siku niliyopata shahada Gakuba aliniangalia juu hadi chini, akakugeukia. "Mwalimu, huyu akiombwa, maziwa ya sherehe ni yangu. Usiende kutafuta kwingine." Ukampa mkono. Mlishikana muda mrefu, kama watu wanaouziana shamba. Mimi niliona aibu, nikatazama mandazi yaliyokuwa mezani.

Kisha vita vya upande wa pili wa mpaka vikasogea. Unajua zile siku. Sauti za mabomu zilipita juu ya paa zetu kana kwamba hazikujua kwamba hapa ni nchi nyingine. Kioo cha dirisha la Gakuba kilianguka. Sauti ziliponyamaza, tulikwenda kwake Jumapili kama kawaida, tukakuta ubao. Ubao mweupe, herufi za bluu, umetundikwa ukutani ukitazama mlango, mkubwa kiasi cha kusomwa na anayepita barabarani: MPAKA UFUNGWE. KILA MTU ABAKI KWAO.

Bei zake aliandika kwa Kinyarwanda. Maneno yale aliyaandika kwa Kiswahili, ili wanaovuka wasome.

Nilikutazama ukisoma. Wewe uliyezaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, uliyerudi huku na mabegi mawili na redio, mwenye dada pekee aliyebaki Goma kwa sababu aliolewa kule. Nilingoja ugeuke tutoke. Badala yake uliacha meza yetu ya siku zote, ukabeba madaftari ya wanafunzi wako, ukaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya ukuta, chini ya ubao kabisa, herufi zikiwa juu ya kichwa chako kama kofia. Ukaagiza. Kikubwa chako, na kidogo cha mheshimiwa.

Njiani nilikuwa nawaka.

"Papa, kwa nini umekaa pale?"

"Mtu akisoma ukuta, anisome na mimi."

"Maziwa yako kila kona mji huu. Twende kwingine."

"Tukiondoka, ukuta utabaki na wale wanaoukubali."

"Na tukibaki ataona tunaukubali. Watu watasema, mbona mwalimu yuko pale anakunywa?"

Ulitembea kidogo. "Gakuba ananijua."

"Umemwambia?"

"Ananiona," ulisema, na ukanunua karanga, kwa hiyo mazungumzo yakaisha.

Sikurudi tena. Wewe uliendelea kwenda peke yako, na Jumapili ya kwanza uliniletea changu kwenye chupa ya maji. Nikakiweka kwenye friji bila kukigusa. Jumatatu maziwa yalikuwa yameganda, ukayanywa wewe, umekaa, kwa sababu hata ugomvi wangu hukutaka upotee bure.

Nataka ujue nilikuwa nawaza nini, kwa kuwa wakati ule nilisema kwa hasira tu. Sikufikiri kwamba kila mwenye duka anyamaze. Kinyozi wa karibu na soko ana picha ya mwanasiasa kubwa kuliko kioo chake, na watu wananyolewa wakimtazama. Wakati wa uchaguzi duka zima la vitenge linavaa rangi za chama, nami naingia nanunua kitenge. Mama anayetuuzia mandazi sijawahi kumuuliza alimpigia nani kura. Kama ningenunua kwa wanaofikiri kama mimi tu, ningekufa njaa kabla ya Jumatano. Mtu ana haki ya kuwa na maoni yake na kuyatundika kwake, na mimi nina miguu yangu.

Lakini ubao wa Gakuba haukuwa maoni juu ya kodi au barabara. Ulimhusu mtu ninayemjua ukubwa wa viatu vyake. Kila mara niliposoma "kila mtu" nilimwona Shangazi Vumilia na begi lake la plastiki, anasimama kwenye foleni ya bariyeri, kitambulisho mkononi, amekuja kutuletea pondu, kisamvu cha kwao, na kututukana kwa kuwa wembamba. Ningewezaje kulipa pesa yangu pale, kisha nimpokee yeye jioni kwa mikono hiyo hiyo? Hilo ndilo nililowaza. Bado nadhani halikuwa wazo baya.

Ulipougua, hukupata tena nafasi ya kwenda. Ulipotutoka, Gakuba alikuja kwenye matanga na madebe ya maziwa juu ya pikipiki, akawa anawamiminia watu mwenyewe, kwa koti lake jeupe. Aliponifikia nilitikisa kichwa. Alidhani ni huzuni. Akaniwekea mkono begani akapita.

Sasa tuje kwenye maziwa yenyewe. Mchumba wangu alipoleta habari kwa wazee, baba mdogo Damas alikaa na kugawa kazi kama jenerali. Nyama, viti, hema, mwenye kusema kwa niaba yetu. Alipofika kwenye maziwa hakuinua hata macho.

"Hayo yalikwisha. Ni ya Gakuba. Baba yako alishampa mkono."

"Mimi sitaki ya Gakuba."

"Yewe, mtoto huyu! Kwa sababu ya ule ubao?"

"Ndiyo."

"Unaolewa na mtu, huolewi na ubao! Mkono wa baba yako nitauweka wapi?"

Nilimwuliza mchumba wangu. Alisema, "Amua wewe, mimi siku hiyo nitakunywa soda." Nampenda, Papa, lakini kuna siku hana msaada.

Huo mkono wako ndio ulionisumbua. Maziwa ya sherehe yangu lilikuwa jambo la mwisho ulilolipanga kwa ajili yangu, na ulilipanga na mtu aliyetaka dada yako abaki ng'ambo. Nikikataa, nakukataa wewe. Nikikubali, Shangazi, ambaye ndiye atakayekuwa badala yako kesho, atapewa kikombe kutoka kwa mtu aliyemwandikia ukutani asije. Nilizunguka na jambo hilo siku nyingi, nikawa naunguza wali.

Jumapili iliyopita nikaenda.

Nilidhani nitakuta duka limejaa watu wa ubao ule. Halikuwa na mtu, isipokuwa dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa anachaji simu. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya. Friji mpya ilikuwa inanguruma. Vikombe vipya. Ubao ulikuwa pale pale.

"Binti ya mwalimu!" Gakuba alipiga makofi. Amekonda. "Kumbe uko hai? Kidogo ya mheshimiwa?"

Niliitikia kwa kichwa. Nikaelekea kwenye meza yetu ya zamani, kisha sijui kwa nini nikabadili, nikaenda kwenye kiti chako. Kilikuwa na mto. Mto wa kitambaa cha maua, umeshonwa vizuri, umebonyea katikati.

"Nilimuwekea huyo mto," alisema akiweka kikombe mbele yangu. "Baba yako alipendaka pale kwa sababu ya mwanga." Akanyoosha kidole juu, kwenye lile bati la plastiki linalopitisha jua. "Kusahihisha madaftari bila mwanga ni kuua macho. Nikasema, huyu mzee, angalau akae vizuri."

Niliugusa mto kwa kiganja.

Gakuba akavuta kiti akakaa mbele yangu, akainama kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa. "Niambie kweli. We ni mutu ya shule, hutanidanganya. Watu wameniishia, hawaji tena. Nilifikiri ni maziwa, nikabadilisha, sasa inatoka kijijini Kanama, safi kabisa. Nikafikiri ni vikombe. Nikanunua friji. Onja. Iko na shida gani?"

Nilionja. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Maziwa hayana shida, Mzee. Ni ubao."

"Ubao gani?"

Papa, alisema hivyo kweli. Akageuza kichwa akatafuta, akautazama kama mtu anayetazama kalenda ya zamani. Wale wote waliomwacha, jirani baada ya jirani, hakuna aliyemwambia. Unajua watu wetu. Walisema wana haraka, walisema daktari amewakataza maziwa, walimsalimia kwa heshima na kuvuka barabara. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijiona nimepiga kelele kubwa kwa kutokwenda kwangu, kumbe alikuwa anakagua vikombe.

"Mke wangu alilala chini ya kitanda," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya biashara tena. "Kioo kilianguka kwenye mto wake. Sasa mi nisiseme?"

"Useme, Mzee. Lakini shangazi yangu anakaa Goma. Ni dada wa Papa. Ukiandika kila mtu abaki kwao, unamwandikia yeye."

"Baba yako alikaa pale kila Jumapili. Mwaka mzima na zaidi. Hakusema kitu."

"Alikuwa anasema. Alikaa chini ya maneno yako ili anayeyasoma amwone na yeye, aliyetoka huko. Ndivyo alivyokuwa anasema."

Gakuba alitazama mto. Alitazama bati la mwanga, akarudi kwenye mto.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema taratibu. "Na mi namuwekea mto."

Nilicheka. Samahani, Papa. Nilicheka mpaka nikalia, na dereva wa pikipiki akachomoa simu yake akatoka. Nilikuwa nawaona wewe na mimi, watu wawili wenye vichwa vigumu, mmoja anasema kwa kukaa na mwingine anasema kwa kutokaa, na katikati yetu mzee mmoja anayetafuta dosari kwenye maziwa.

Nilipotulia nilimwambia nilichojia. Kikombe kilichokuwa mezani nitakimaliza, kwa sababu ni changu, na maneno ya ukutani naweza kuyabeba mwenyewe kwa muda wa kikombe kimoja. Maziwa ya sherehe sitayachukua. Shangazi ni mgeni wangu na sitamnywesha kitu kilichotoka chini ya ubao huo.

"Nilimpa baba yako mkono."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia. Wengine wataagiza kwingine tu, wakupungie mkono wakipita."

"Ubao sitautoa kwa sababu ya arusi," alisema. "Niliuweka kwa sababu ya kuogopa. Mutu hawezi kutoa kuogopa kwa sababu ya arusi."

"Sikukuomba uutoe."

Nilimaliza kikombe. Nilipofika mlangoni aliniita. "Huyo dada ya mwalimu, anapenda ya moto ao ya kuganda?"

"Mwulize mwenyewe. Anavuka Alhamisi, atapita hapa."

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilimngoja bariyeri, akatokea na begi lake la plastiki na kofia ya sufu katika jua hili. Alinikagua, akaniambia nimekauka kama samaki wa Kalemie, tukashika barabara ya kupanda. Nilitaka tupande pikipiki. Yeye ndiye aliyekataa, kwa hiyo tulipita mbele ya Gakuba kwa miguu, na ubao ukamwita kama unavyomwita kila mtu.

Alisimama akausoma kwa sauti, polepole, begi kichwani. Gakuba alikuwa ndani amesimama, mikono ndani ya koti.

"Bon, sawa," Shangazi alisema. Akaingia.

"Karibu, mama."

"Asante. We baba, hii maneno ni ya mi?"

"Hapana mama. Si wewe."

"Sasa ni ya nani? Mi ndiye navuka. Leo nimesimama kwa foleni tangu asubuhi, sikuona mutu mwingine mwenye jina la Kila Mutu."

Gakuba akasema lile aliloniambia mimi, ila kwa maneno machache zaidi. "Niliogopa, mama. Mabomu ilifika mpaka hapa."

"Ilifika hapa." Shangazi alishusha begi. "Baba, ilianzia kwetu. Mi nilikuwa karibu nayo kukushinda weye."

Nilisikia friji. Nilisikia mtu nje anauza kadi za simu. Gakuba alikwenda nyuma ya meza, akamimina kikombe kikubwa cha maziwa ya kuganda bila kuuliza, akamletea kwa mikono miwili, kidogo ameinama, kama mnavyofanya ninyi watu wazima mkitoa kitu chenye uzito. Shangazi alitafuta pa kukaa. Kiti kilichokuwa karibu ni chako. Akakaa chini ya ubao akanywa, mstari mweupe ukabaki juu ya mdomo wake, na kwa upande ule uso wake ni wako kabisa. Gakuba aliliona hilo pia. Alitazama pembeni.

"Iko muzuri," Shangazi alisema. "Ya wapi?"

"Kanama."

"Unaona? Ng'ombe wa huku kwenu nao wanajua kazi." Akafuta mdomo. "Huyu mutoto ananiambia ulimpa kaka yangu mukono."

"Ndiyo, mama. Lakini yeye amekataa."

"Alikataa kwa sababu ya mi, alifanya vizuri. Sasa mi mwenyewe niko hapa, nimekunywa. Kama unataka kuleta, lete. Lakini usitume mutu na pikipiki. Uje weye, na ukae pembeni yangu, batu bote baone mutu wa kwao na mutu wa ng'ambo banakunywa kitu moja."

"Na ubao?"

"Ubao ni yako. Mi sikuje kushusha ubao ya mutu, nilikuja kuolesha mutoto."

Tulipokuwa tunatoka Gakuba alikimbia nyuma yetu, koti limefunguka, akampa Shangazi mto wako wa maua. "Hii ilikuwa ya kaka yako," alisema, akarudi ndani haraka.

Sijui kama atakuja, Papa. Asubuhi nilipita kununua chumvi, nikaona ubao bado upo. Sikutegemea vingine. Mtu huyu ana woga wake na umri wake, na mimi sikumshinda kwa hoja, na Shangazi hakumshinda kwa kikombe. Huenda kesho atabaki dukani na kusema ana mafua. Nimeagiza madebe mawili kwa mama mmoja wa huko huko Kanama, yatatosha wageni wote. Baba mdogo Damas amelalamika kwamba tutaoga maziwa.

Ninachojua ni kidogo. Nadhani ulikosea kuamini kwamba kuonekana kunatosha, na mimi nilikosea kuamini kwamba kutoonekana kunatosha. Ningependa kuliweka hilo mezani mbele yako, kikombe kikiwa chini, ulibishie. Ungesema nimekuwa mrefu wa maneno. Ungenisukumia maziwa kwa kidole kimoja.

Ninakukosa kwa namna isiyo na heshima, Papa. Ninakukosa nikiwa nasaga vitunguu. Nimeona viti vya kanisa uani na nimejua kimoja hakina mtu, na watu wote watapita karibu nacho wakijifanya hawakioni.

Kwa hiyo nimekipa kazi. Nimekipanga pembeni ya kiti cha Shangazi, na juu yake nimeweka mto wako wa maua. Gakuba akija, atajua pa kukaa. Asipokuja, kitabaki hivyo hivyo, na safari hii anajua kwa nini, kwa sababu tumemwambia kwa mdomo.

Shangazi ameacha kukoroma. Ananiita, anataka kujua nani ameficha sufuria. Nakuacha hapo, umekaa, penye mwanga.

Ni mimi, binti yako, mheshimiwa wa kikombe kidogo